Futi Tatu za Udongo

Historia ya miji aghalabu huandikwa kwa yale yaonekanayo juu ya ardhi: kuta na minara, milango ya nakshi, majumba ya watawala na bandari zao. Chini ya hayo ipo historia nyingine ambayo wenye mji huona haya kuisimulia, nayo ni historia ya maji yanayotoka. Kila nyumba inayokaliwa na watu huingiza maji na huyatoa. Njia yapitayo maji hayo machafu, hali ya njia hiyo, na mtu anayepaswa kuitengeneza inapobomoka, ni mambo yaliyoamua uhai na mauti ya mitaa mizima, ijapokuwa hayakutungiwa tenzi wala kupigiwa mizinga.

Miongoni mwa visa vya historia hiyo, ni vichache vinavyofundisha kama kisa cha mtaro wa nyumba moja, nyumba nambari 40 katika barabara iliyoitwa Broad Street, mtaa wa Soho, mjini London. Wasomaji wengi wamewahi kusikia habari za pampu ya maji iliyokuwa mbele ya nyumba hiyo, na za daktari aliyeitilia shaka. Habari za mtaro hazisimuliwi sana. Lakini lau mtaro ule usingefukuliwa na kukaguliwa, madai ya daktari yangebakia dhana yenye nguvu isiyokuwa na shahidi wa kuonekana kwa macho.

London ya katikati ya karne ya 19 ilikuwa mji uliokua upesi kuliko mitaro yake. Kwa muda mrefu nyumba nyingi zilikuwa na shimo chini ya sakafu au uani, na walikuwapo watu ambao kazi yao ilikuwa kuja usiku kulizoa na kuyapeleka yaliyomo mashambani yakawe mbolea. Mitaro mikuu ya mji ilikusudiwa maji ya mvua, na hadi kiasi cha mwaka 1815 ilikuwa kosa kumwaga humo uchafu wa chooni. Kisha vyoo vya kuvuta kwa maji vikaenea katika nyumba za wenye uwezo. Shimo lililotosha kwa mwaka likawa linajaa kwa muda mfupi, kwani sasa lilipokea maji mengi kuliko kinyesi. Mwaka 1847 sheria ikageuka, na kile kilichokuwa kosa kikawa wajibu: nyumba ziliamriwa kuunganishwa na mitaro mikuu. Katika miaka sita hivi mashimo yapatayo 30,000 yalifutwa, na uchafu wake ukaelekezwa katika mto Thames, mto uleule ambao makampuni kadhaa ya maji yalikuwa yakichota maji ya kuwauzia watu.

Amri ya kuunganisha nyumba na mtaro mkuu ilikuwa rahisi kuandikwa kuliko kutekelezwa. Nyumba nyingi zilibaki nusu huku nusu kule: mtaro wa matofali uliopita chini ya nyumba kuelekea barabarani, na katikati yake shimo la zamani ambalo halikuondolewa. Nyumba nambari 40 ilikuwa mojawapo ya hizo. Mtaro wa namna hiyo ulikuwa juu ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba mara nyingi hakuwa akiishi humo. Waliokaa ndani walikuwa wapangaji, aila juu ya aila, kila moja katika chumba au viwili. Mpangaji hakuwa na mamlaka ya kufukua, na mwenye mali hakuwa na haja ya kufukua.

Usiku wa tarehe 31 Agosti, 1854, kipindupindu kiliingia katika mtaa huo kwa kishindo. Katika muda wa siku kumi watu zaidi ya 500 walikufa katika eneo ambalo mtu angeweza kulizunguka kwa miguu kwa dakika chache, na hesabu ya mwisho ya maiti ilifikia 616. Wenye uwezo wa kuhama walihama. Madaktari wengi wa wakati huo waliamini kwamba maradhi haya yaliletwa na hewa iliyooza, na wakatafuta sababu katika harufu. Daktari John Snow, aliyezaliwa York mwaka 1813, mtoto wa kibarua, alikuwa ameandika tangu mwaka 1849 kwamba kipindupindu humezwa, nacho hupita katika maji yaliyoingiwa na kinyesi cha mgonjwa. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza swali moja: marehemu alikunywa maji ya wapi? Majibu mengi yalimrudisha kwenye pampu ya Broad Street. Na penye watu wengi waliosalimika palikuwa na sababu yake. Nyumba ya kulelea maskini iliyokuwa karibu, yenye watu zaidi ya 500, ilipoteza watu watano tu, nayo ilikuwa na kisima chake yenyewe.

Jioni ya tarehe 7 Septemba Snow alizungumza na wajumbe wa parokia, na siku ya pili yake mkono wa pampu ukaondolewa. Hapo ndipo wasimulizi wengi hukomea. Ila tendo lile halikuthibitisha kitu mbele ya wapinzani wake, kwa sababu maradhi yalikuwa yameshaanza kupungua na wakaazi wengi wameshakimbia. Kisha likaja pigo jingine. Kisima kilipofunguliwa na kutazamwa ndani, waliokikagua walisema hawakuona tundu wala ufa katika matofali yake. Mtaro mkuu wa barabarani ulipita hatua chache tu kutoka hapo, lakini hakuna aliyeonyesha kwamba ulivuja. Kwa jicho la mkaguzi kisima kilikuwa kizima, na hoja ya daktari ikabaki ikielea.

Kosa la ukaguzi ule halikuwa uzembe wa macho. Wakaguzi walitazama vitu viwili vilivyokuwa mali ya umma, kisima na mtaro wa barabara, wakaruka kile kilichokuwa baina yao, yaani mtaro wa nyumba ya mtu. Palepale ambapo mamlaka ya mji yalikomea na siri ya nyumba ikaanza, ndipo jawabu lilipokuwa limejificha.

Aliyelifumbua fumbo hilo hakuwa mhandisi wala daktari. Alikuwa Henry Whitehead, kasisi kijana wa kanisa la St Luke katika mtaa huohuo, ambaye mwanzoni hakuikubali rai ya Snow na aliianza kazi yake akikusudia kuipinga. Alikuwa na kitu ambacho mgeni hana: aliwajua watu. Aliingia vyumbani mwao, akarudi mara ya pili na ya tatu, akaandika nani alikunywa maji gani na siku gani. Mwanzoni mwa mwaka 1855, alipokuwa akipitia orodha ya vifo, macho yake yaliangukia kifo cha mtoto mchanga wa miezi mitano katika nyumba nambari 40. Mtoto huyo alifariki tarehe 2 Septemba, lakini kuharisha kwake kulianza tarehe 28 Agosti, siku chache kabla ya mtaa kuangukiwa na msiba.

Whitehead akaenda kwa mama wa mtoto, mjane wa askari polisi aitwaye Lewis. Mama akaeleza lile ambalo mama yeyote angelieleza: nepi za mwanawe alizifua katika ndoo, na maji ya ndoo baadhi yake aliyamwaga katika shimo lililokuwa mbele ya nyumba, chini, karibu na barabara. Shimo hilo lilikuwa jirani na kisima cha pampu.

Kamati ya parokia iliyokuwa ikichunguza maafa hayo ikamtuma mpima majengo Jehoshaphat York afukue. Alichokikuta mwezi Aprili 1855 kinafaa kuelezwa kwa utulivu. Shimo lilijengwa vibaya, hata likawa linazuia maji badala ya kuyapitisha. Mtaro ulikuwa wa matofali wenye chini bapa, na chokaa cha maungio yake kilikuwa kimeoza kiasi kwamba matofali yaling'olewa kwa mkono bila ya chombo. Shimo nalo lilikuwa katika hali hiyohiyo. Kutoka shimoni hadi ukuta wa kisima ulikuwapo umbali wa futi 2 na inchi 8, yaani pungufu ya futi tatu, na udongo uliokuwa hapo katikati ulikuwa umelowa chepechepe kwa uchafu uliokuwa ukipenya. Ndani ya kisima, pale walipotazama watu wa kwanza, palikuwa hapana tundu. Hapakuhitajika tundu. Ukuta wa matofali uliozama katika udongo wa namna ile hunyonya kama kitambaa.

Lipo jambo jingine katika kisa hiki. Baba wa mtoto yule aliugua kipindupindu tarehe 8 Septemba, siku ileile mkono wa pampu ulipoondolewa, na akafariki tarehe 19. Uchafu wa ugonjwa wake ulikuwa na njia ileile ya kupita. Kama pampu ingeendelea kutumika, mtaa ungeweza kuangamizwa mara ya pili. Watu walionusurika hawakujua walinusurika na nini, kwani futi tatu za udongo hazioneshi kitu kwa mpita njia.

Pamoja na hayo yote, wakuu wa afya wa serikali hawakushawishika. Taarifa yao ya mwaka 1855 iliikataa rai ya Snow na kushikilia hewa. Snow alifariki mwezi Juni 1858. Majira hayohayo ya joto mto Thames ulinuka hata wabunge wakashindwa kukaa katika jengo lao, na mwezi Agosti sheria ikapitishwa ya kumwezesha mhandisi Joseph Bazalgette ajenge mitaro mikuu ya kuupeleka uchafu mbali na mji. Kazi hiyo kubwa ilifunguliwa rasmi mwaka 1865. Mwaka uliofuata kipindupindu kikarudi London kwa mara ya mwisho, na kikaua zaidi upande wa mashariki, ambako mfumo mpya ulikuwa bado haujakamilika. Robert Koch alikitambua kijidudu chenyewe mwaka 1884, na Filippo Pacini wa Firenze alikuwa amekiona tangu mwaka uleule wa 1854.

Mitaro ya Bazalgette ilikuwa mikubwa, lakini haikuingia ndani ya nyumba. Baina ya choo na barabara bado palikuwa na bomba la mwenye nyumba, na habari zake hazikujulikana mpaka alipougua mtu ambaye taifa zima lilimjua. Mwisho wa mwaka 1871 Mwana wa Mfalme wa Wales alishikwa na homa ya matumbo baada ya kukaa katika nyumba ya kifahari huko Scarborough. Yeye alipona, lakini mgeni mwenzake mmoja na mtumishi wake walikufa, na lawama ikatupiwa mabomba ya nyumba ile. Matajiri wakatanabahi kwamba sakafu ya marumaru haimlindi mtu na kilicho chini yake. Tokea hapo ukaguzi wa mabomba ya nyumba ukawa kazi yenye watu wake, vitabu vyake na vyama vyake; mjini Edinburgh chama cha wenye nyumba cha kulipia ukaguzi huo kiliundwa mwaka 1878.

Namna walivyokagua inapendeza kuijua. Mtu mmoja alipanda juu ya nyumba akamimina mafuta ya mnanaa pamoja na maji ya moto katika bomba linaloshuka, na mwenzake akabaki chini akinusa chumba hadi chumba. Aliyemimina hakuruhusiwa kuingia ndani, maana harufu aliyoichukua mwilini ingeharibu ushahidi. Wengine walipuliza moshi ndani ya bomba wakangojea waone unafukia wapi. Mtihani mgumu kuliko yote ulikuwa wa maji: bomba lilizibwa upande wa chini, likajazwa, na kina cha maji kikatazamwa. Kikishuka, bomba linavuja. Ajabu ni kwamba wengi wa wakaguzi hao bado waliogopa mvuke wa mitaro kuliko maji yake. Sababu waliyoishika ilikuwa na kasoro, lakini tundu waliloliziba lilikuwa tundu la kweli.

Vifaa navyo vilibadilika. Matofali yenye chokaa yalipisha mabomba ya udongo uliochomwa na kupakwa ng'aro, ambayo Henry Doulton alianza kuyatengeneza kwa wingi Lambeth mwaka 1846. Bomba la mviringo lenye utelezi hujisafisha lenyewe maji yanapopita, ambapo mtaro wenye chini bapa hutuamisha. Udhaifu ukahamia kwenye maungio. Bomba zima lilikuwa imara, lakini kila baada ya hatua moja lilikuwa na kiungo, na kiungo kikilegea mizizi ya miti hupenyeza nyuzi zake kufuata unyevu, ikanenepa humo ndani hata ikalipasua bomba. Ardhi ikititia, bomba huvunjika mgongo. Ndiyo maana mafundi walijifunza kuweka chemba ya kukagulia kila bomba linapopinda, ili mtu aweze kufunua kifuniko na kutazama bila ya kuvunja nyumba.

Kwa zaidi ya karne nzima kutengeneza bomba lililooza kulikuwa na maana moja: kufukua. Mwaka 1971, huko Hackney, mashariki ya London, Eric Wood alijaribu njia nyingine. Katika mtaro wa zamani wa matofali aliingiza mfuko wa kitambaa uliolowanishwa utomvu, akauacha ugande ukutani, ukawa bomba jipya ndani ya bomba kuukuu. Leo kamera ndogo hutangulia kupita bombani ikionesha kila ufa, na palipo na bomba lisilofaa tena mafundi huweza kulipasua kwa chuma kinachovutwa ndani yake huku bomba jipya likifuata nyuma. Kile ambacho York alikitafuta kwa sururu sasa hutazamwa kwenye kioo.

Hata hivyo badiliko lililochelewa kuliko yote halikuwa la ufundi. Lilikuwa la sheria. Uingereza na Wales zilingoja hadi tarehe 1 Oktoba, 2011, ndipo mabomba ya majitaka yanayotumiwa na nyumba zaidi ya moja, na vipande vya bomba la nyumba vilivyo nje ya mpaka wa kiwanja, vilipotolewa mikononi mwa wenye nyumba na kukabidhiwa makampuni ya maji. Ilichukua miaka 156 tokea taarifa ya York kukubaliwa kisheria kwamba bomba likishavuka ukuta wa mtu si siri yake tena. Katika barabara hiyo, inayoitwa sasa Broadwick Street, umesimamishwa mfano wa pampu isiyo na mkono, na wageni huenda kuupiga picha. Mtaro hauna picha.

Maradhi yaliyoua Soho hayakuwa ya London peke yake. Yalisafiri kwa merikebu, kwa majahazi na kwa misafara, na mwambao wa Afrika Mashariki ulikuwa katika njia zake. Richard Burton, alipotoka bara na kufika pwani mwaka 1859, alikuta kipindupindu kimeshavamia miji yake. Miaka kumi baadaye, 1869 na 1870, kilirudi Unguja kwa ukali zaidi. Daktari James Christie, Mskochi aliyekuwa akifanya kazi mjini, aliyafuatilia mapito yake kutoka kituo hadi kituo, na kitabu chake juu ya maradhi hayo katika Afrika Mashariki kilichapwa London mwaka 1876. Naye alifanya kama Snow na Whitehead: alihesabu siku, akauliza nani alitoka wapi.

Sayyid Barghash, aliyetawala tokea 1870 hadi 1888, aliuletea mji maji ya chemchem kutoka upande wa kaskazini, na jina lake bado linatajwa kwa wema huo. Ila mji wa London ulikwishaonesha kwamba maji safi yanapoingia kwa wingi, maji machafu hutoka kwa wingi uleule. Na ardhi ya Unguja ina tabia yake. Mwamba wa matumbawe una vinyweleo na mipasuko. Huyanywa maji upesi, na mwenye karo hufurahi kwamba karo lake halijai. Swali ambalo haliulizwi sana ni maji yale yamekwenda wapi. Wataalamu wa afya hupenda kisima kiwe mbali na shimo la choo kwa mita 30 hivi, na katika mwamba wenye mipasuko hata umbali huo huweza usitoshe. Katika mitaa ambayo kuta zimeegemeana, ni nyumba ngapi zenye mita 30 baina ya chochote na chochote?

Mji Mkongwe uliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, na tokea hapo yamesemwa mengi juu ya milango, roshani na baraza. Mambo hayo yanastahiki kusemwa. Lakini nyumba ya mawe na chokaa huharibiwa na maji kabla ya kuharibiwa na kitu kingine, na bomba linalovuja ndani ya ukuta hula nakshi kwa nyuma huku watu wakiisifu kwa mbele. Wahenga waliosema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta walikuwa wakaazi wa nyumba za namna hii, na huenda walimaanisha maneno yao kama yalivyo.

Mwaka 2015 na 2016 kipindupindu kilienea tena Tanzania, na maelfu ya watu waliugua Unguja na Pemba. Dawa za kutibu maji ziligawiwa, watu wakahimizwa kunawa mikono, na yote hayo yaliokoa roho. Kilichobaki ni kile ambacho hakigawiwi: mtu wa kufunua vifuniko, nyumba kwa nyumba, anayeruhusiwa kuuliza choo kinamwaga wapi bila ya swali lake kuhesabiwa utovu wa adabu. Whitehead aliruhusiwa kwa sababu alikuwa mtu wa mtaa. York aliruhusiwa kwa sababu kamati ilimtuma. Mmoja pasi na mwenziwe asingefika mbali: kasisi angebaki na maneno ya mama aliyefiwa, na mpima majengo asingejua afukue wapi.